Bibi Josefa Llanes Escoda, Mama Aliyeandika Majina ya Mateka

Wengi wetu tulipata kuwasikia wazee waliokwenda Burma pamoja na KAR wakisimulia vita vya Mjapani: matope, mvua, malaria, na milima ya mpakani mwa India mwaka 1944. Kwa hiyo jina la Mjapani katika vita vile si geni masikioni mwetu. Lakini wazee wetu walikutana naye vitani, askari kwa askari. Zipo nchi ambazo zilimpata awe mtawala wao, akae mjini, atoze mazao, apige watu, afunge watu, na wenyeji walazimike kuishi naye miaka mitatu na zaidi. Mojawapo ni Ufilipino.

Katika toleo hili tumechagua kueleza maisha ya mwanamke mmoja wa nchi hiyo, Bibi Josefa Llanes Escoda. Kwao anajulikana hata na watoto wa shule, kwa kuwa mwaka 1991 picha yake ilitiwa katika noti ya peso 1,000, pamoja na picha za Jaji Mkuu José Abad Santos na Jenerali Vicente Lim, ambao nao waliuawa na Wajapani. Huku kwetu ni wachache waliopata kumsikia. Yeye hakushika bunduki wala hakuongoza kikosi, ila alipatwa na yale yale yaliyompata jenerali.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Hispania iliitawala zaidi ya miaka 300, mpaka wenyeji walipoinuka na kutangaza uhuru wao tarehe 12 Juni 1898. Josefa alizaliwa miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Septemba 1898, katika mji mdogo wa Dingras, jimbo la Ilocos Norte, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Luzon. Uhuru wenyewe haukukaa. Hispania iliiachia Marekani visiwa vile kwa dola milioni 20, na Wafilipino wakajikuta wamebadilishiwa bwana tu. Wakapigana na huyo wa pili pia, wakashindwa. Basi Josefa alikulia chini ya bendera ya Marekani, akasoma katika shule ambazo Wamarekani walizijenga.

Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto saba wa Mzee Gabriel Llanes na mkewe Mercedes Madamba. Msomaji aliyezaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi anajua maana yake, haihitaji maelezo. Alikuwa na akili sana darasani. Akapelekwa Manila, akasomea ualimu, akahitimu kwa heshima mwaka 1919. Alifundisha kwa muda, na mwaka 1922 akapata cheti cha kufundisha shule za sekondari katika Chuo Kikuu cha Ufilipino. Kisha akaajiriwa na Chama cha Msalaba Mwekundu, na hapo ndipo alipoiona kazi ya maisha yake, yaani kazi ya ustawi wa jamii. Msalaba Mwekundu ulimpeleka Marekani kusoma zaidi, naye mwaka 1925 akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko ugenini alikutana na kijana wa kwao, Antonio Escoda, mwandishi wa habari, wakaoana. Mungu akawajalia watoto wawili, binti, Maria Theresa, na mvulana aliyepewa jina la baba yake.

Aliporudi nyumbani hakukaa bure. Alifundisha elimu ya jamii katika vyuo vikuu, akafanya kazi katika idara ya afya na katika mapambano dhidi ya kifua kikuu, akashiriki kuanzisha makao ya wavulana maskini wa Manila. Tena alikuwa mmoja wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Katiba ya mwaka 1935 ilikuwa imewapa wanaume kura, na kwa wanawake ikaweka sharti: kwanza wanawake wenyewe wasiopungua 300,000 wajitokeze katika kura ya maoni na kusema ndiyo. Nadhani wanaume walioandika sharti hilo walifikiri idadi hiyo haitapatikana. Akina mama wakazunguka mitaani na vijijini, nyumba kwa nyumba. Siku ilipofika, tarehe 30 Aprili 1937, waliosema ndiyo walikuwa 447,725, na waliosema hapana 44,307. Vyama vya wanawake vilivyofanya kazi ile vilikuwa na shirikisho lao la taifa, na mwaka 1941 Bibi Josefa akawa rais wake. Twaomba msomaji alikumbuke shirikisho hilo, maana lina kazi mbele yetu.

Mwaka 1939 alikwenda tena ng'ambo, safari hii kujifunza uongozi wa maskauti wa kike, ambao sisi twawaita Girl Guides. Akarudi, akafundisha walimu vijana wakawe viongozi wa kwanza, na tarehe 26 Mei 1940 Rais Manuel Quezon akatia sahihi sheria ya kuanzisha Girl Scouts wa Ufilipino. Bibi Josefa akawa mtendaji mkuu wao wa kwanza. Wakati huo huo mzee Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti, alikuwa akiishi Nyeri, Kenya. Alifariki huko Januari 1941, na kaburi lake lipo katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Mabinti wa Manila wakashona sare zao, wakajifunza kufunga mafundo, kufunga vidonda, kuwasha moto na kupika nje. Hayo yote walidhani ni mambo ya kambi za likizo. Haikupita miaka miwili.

Wajapani walianza kupiga mabomu Ufilipino tarehe 8 Desemba 1941. Tarehe 2 Januari 1942 waliingia Manila. Majeshi ya Wafilipino na Wamarekani yalirudi nyuma hadi rasi ya Bataan, ng'ambo ya ghuba, wakashikilia pale miezi mitatu, chakula kikipungua hata wakala farasi na nyati wao. Tarehe 9 Aprili 1942 wakasalimu amri. Waliotekwa walikuwa kama 75,000, wengi wao sana Wafilipino. Tayari walikuwa wamedhoofika kwa njaa na malaria. Nao wakaamriwa kutembea.

Hayo ndiyo yaitwayo Matembezi ya Kifo ya Bataan. Ni mwendo wa kilometa 100 hivi, katika mwezi wa joto kali kuliko yote, pasipo maji. Aliyeanguka alichomwa singe au kupigwa risasi. Wanavijiji walisimama kando ya barabara na mitungi ya maji, mipira ya wali, vipande vya miwa, wakawarushia, na wengine waliuawa kwa kufanya hivyo. Katika mji wa San Fernando mateka walisukumwa ndani ya mabehewa ya mizigo, wakafungiwa wamesimama, na baadhi yao walikufa humo wakiwa wamesimama vile vile kwa kukosa nafasi ya kuanguka. Treni ikawashusha Capas, katika jimbo la Tarlac, wakatembezwa tena hadi kambi iitwayo O'Donnell.

Kambi ile ilikuwa imekusudiwa jeshi dogo tu, na ujenzi wake haukuwa umekwisha. Sasa makumi ya maelfu yaliingizwa humo. Mifereji ya maji ilikuwa michache, watu wakapanga foleni usiku na mchana. Malaria na kuhara damu vikawaingia. Mkuu wa kambi alikataa misaada ya Msalaba Mwekundu. Katika wiki zile mbaya kabisa mamia walizikwa kila siku, na waliozika leo kesho walizikwa wao. Katika miezi michache Wafilipino zaidi ya 20,000 wanakadiriwa kufa katika kambi ile moja, na Wamarekani wapatao 1,500.

Sasa tufikiri hali ya mama aliyekuwa na mwana Bataan. Ameambiwa vita vimekwisha. Mwanawe hakurudi. Je, alikufa vitani? Alianguka njiani? Yuko kambini, na kama yuko, ni mzima? Hakuna barua wala ofisi ya kuuliza, na mlinzi wa Kijapani langoni hajibu. Mara nyingi hupiga kofi tu. Akina mama wa namna hiyo walikuwa maelfu kwa maelfu. Walifunga safari hadi Capas, wakaketi nje kwenye vumbi.

Hapo ndipo Bibi Josefa na mumewe walipoingia. Walikusanya majina. Walitafuta ni nani aliye hai kambini, ni nani mgonjwa, ni nani amekufa, wakaandika orodha, wakafikisha habari kwa jamaa zao. Wakapeleka dawa, chakula, nguo na ujumbe kwa mateka Wafilipino, na kwa Wamarekani waliofungwa makambini pia. Lile shirikisho la wanawake lilikuwa na watu kila mahali, nao walikuwa wamekwisha kujifunza mwaka 1937 jinsi ya kwenda nyumba kwa nyumba. Mambo yale yale waliyoyafanya wakiomba kura, sasa waliyafanya wakiomba vidonge vya kwinini, mchele na mashati makuukuu.

Kwa macho ya wengine, kuandika majina ni kazi ndogo ya karani. Sisi hatuoni hivyo. Mtawala aliyewafungia watu wale alitaka wawe idadi tu. Kambi yenye watu wasio na majina haina wa kuulizwa habari zake. Orodha ilikuwa ushahidi. Tena ilikuwa na faida ya karibu zaidi: Wajapani walipoanza kuwafungulia Wafilipino kidogo kidogo, kuanzia katikati ya mwaka 1942, walidai jamaa na wakuu wa miji waweke sahihi ya dhamana kwamba huyu hatajiunga na wapiganaji. Utamwekeaje dhamana mtu ambaye hujui kama yu hai?

Walioachiliwa, wengi walikwenda msituni vilevile. Ufilipino haikukubali. Milimani na visiwani vilizuka vikosi vya wapiganaji wa msituni, vingine vikiongozwa na maofisa wasiosalimu amri, vingine na wakulima kama wale wa Hukbalahap, walioungana Machi 1942. Baada ya vita zaidi ya watu 200,000 walitambuliwa kuwa walishiriki. Manila nayo ilikuwa na mtandao wake wa siri: watu waliosikiliza redio zilizokatazwa, waliobeba barua, waliochangisha fedha. Antonio na Josefa Escoda walikuwa sehemu ya mtandao huo. Mwanzoni kazi yao ilikuwa ya huruma tu, lakini mateka wana ndugu msituni, dawa iendayo kambini hupitia mikono ya watu wa msituni, na habari haina mlango mmoja. Mpaka kati ya huruma na upinzani ulikuwa mwembamba, na Wajapani wenyewe hawakuutambua hata kidogo.

Maisha ya mjini yakazidi kuwa magumu mwaka hata mwaka. Ilikuwa lazima kumwinamia mlinzi wa Kijapani njiani. Noti walizochapa watawala zilipoteza thamani hata watu wakawa wanakwenda sokoni na fedha kikapuni. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wajapani waliipa nchi kile walichokiita uhuru, na rais, na bendera, huku jeshi lao likikaa pale pale. Zaidi ya njaa, watu waliogopa wasaliti. Wanaume wa mtaa mzima walikusanywa uwanjani, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa kichwa kwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda. Na aliyekuwa ndani ya gunia aweza kuwa jirani yako.

Mwezi wa Juni 1944 Jenerali Vicente Lim, aliyepigana Bataan na kisha kuwa kiongozi wa siri wa wapiganaji, aliitwa aende Australia kwa nyambizi. Antonio Escoda alikuwa katika safari ile ya kwenda kuipokea. Walikamatwa kabla ya kuifikia.

Tangu siku hiyo kila mtu aliyewajua alitambua kwamba zamu ya mke iko njiani. Polisi wa kijeshi wa Kijapani, Kempeitai, hawakuwa watu wa kumkamata mume na kumsahau mkewe. Miezi miwili ikapita, Juni hadi Agosti. Bibi Josefa hakuondoka Manila. Tarehe 27 Agosti 1944 wakamkamata.

Hapa hatuwezi kupita haraka. Bibi huyu alikuwa na watoto wawili ambao baba yao alikuwa tayari gerezani. Wapo watakaouliza, na hasa akina mama wa Umoja wetu watauliza, kama mama ana haki ya kujiweka hatarini namna hiyo kwa ajili ya watoto wa wengine, wakati wake wako nyumbani. Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kumwita mtu shujaa. Sisi twaona hivi: katika Manila ya mwaka 1944 hapakuwa na nyumba iliyokuwa salama kwa kunyamaza. Walionyamaza nao walikamatwa, na watoto wao nao walikufa njaa. Lakini watoto wa Escoda walibaki yatima wa baba na mama, na gharama hiyo hawakuichagua wao. Yote mawili ni kweli.

Alifungwa katika Ngome ya Santiago, iliyojengwa na Wahispania mdomoni mwa mto Pasig. Kila Mfilipino anaijua: humo ndimo José Rizal, daktari na mwandishi wao mkubwa, alimofungwa kabla ya kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896. Kempeitai waliigeuza nyumba ya mateso. Mumewe alikuwa katika ngome ile ile. Kabla mwaka kwisha Antonio Escoda aliuawa, na Jenerali Lim naye aliuawa.

Wakati huo Wamarekani walikwisha kurudi. Jenerali MacArthur alishuka Leyte tarehe 20 Oktoba 1944, na ndege zao zilionekana juu ya Manila. Wafungwa waliweza kuzisikia. Inasimuliwa kwamba Bibi Josefa aliwaachia wenzake wa gerezani neno la kupeleka nje, yeye asipopona: watu waambiwe kwamba wanawake wa Ufilipino nao walifanya sehemu yao. Hilo lingefaa kukumbukwa na wale wanaoandika historia za vita na kuwahesabu wanaume peke yao.

Mara ya mwisho alionekana akiwa hai tarehe 6 Januari 1945. Alikuwa amepigwa vibaya sana, amezuiliwa katika jengo moja la chuo kikuu kiitwacho Far Eastern, ambalo Wajapani walilifanya kituo chao. Akapakiwa katika lori lao, likaondoka.

Tarehe 3 Februari, wiki nne tu baadaye, Wamarekani waliingia Manila na kuwafungulia raia wa kigeni waliozuiliwa katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas. Vita vya mtaa kwa mtaa vikachukua mwezi mzima, vikaua raia wapatao 100,000, wengine kwa mikono ya Wajapani, wengine kwa mizinga ya Wamarekani. Katika Ngome ya Santiago zilikutwa maiti kwa mamia, zimerundikana katika vyumba vya chini. Jamaa walikuja kuwatafuta watu wao na mara nyingi hawakuweza kuwatambua.

Girl Scouts walianza upya baada ya vita, nao wameendelea tangu hapo. Barabara moja katika mtaa wa Ermita, Manila, inaitwa kwa jina la Bibi Josefa. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipotoa noti ya plastiki ya peso 1,000 yenye picha ya tai mahali pa wale watatu, wananchi wengi walinung'unika.

Kaburi lake halina alama. Hudhaniwa kwamba alizikwa kaskazini mwa mji, ama katika makaburi ya La Loma ama katika makaburi ya Wachina, ambako Wajapani walikuwa wakiwafukia watu waliowaua. Alikuwa na umri wa miaka 46.